Abiria wa Ishirini na Tatu

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza. Ikalia tena mara moja.

Andendekisye Mwakibete alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Hakuitoa. Aliitazama ile simu jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyezoea kubisha hodi wakati wa chakula.

Mara mbili, kisha moja. Maana yake, acha yote uje.

"Kozi hapa," alisema.

"Nyota imetoka kabatini. Dakika kumi."

Simu ikakatwa.

Kozi lilikuwa jina lake la kazini, na alikuwa amelibeba miaka kumi na mitatu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, bastola ya Webley chini ya koti, magoti mabovu, na barua ya kuomba kustaafu iliyokuwa imelala mezani kwa mkubwa wake tangu Pasaka. Alikuwa amechoka. Si kwa wingi wa kazi, bali kwa aina yake. Wakubwa wa polisi walimtuma kukaa nyuma kwenye mikutano ya wakulima wa kahawa kule Rungwe, asikilize nani ametamka neno uhuru, kisha aandike. Waliomwamkia njiani kwa heshima ndio haohao aliokuwa akiwaandika. Chakula cha kazi ya namna hiyo hakishuki vizuri kooni.

Alikausha miguu, akavaa viatu, akatoka.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1957. Tangu mwezi uliopita Mbeya nzima ilikuwa na habari moja tu, ule mwezi wa bandia ambao Warusi waliurusha angani ukawa unazunguka dunia huku ukilia bip, bip, bip. Wazee walisema ni uongo. Vijana walisema wameuona kwa macho yao. Andendekisye alikuwa amewaachia wenye nafasi wabishane.

Mkuu wake, Bwana Harcourt, hakumkaribisha kiti.

"Utepe wa kinasa sauti umeibwa kituo cha hali ya hewa," alisema. "Ufunguo wa kabati ni mmoja. Anao mwanao."

"Asukile."

"Yuko ndani tangu alfajiri."

Andendekisye alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai.

"Mnunuzi ni Holm, yule Mzungu mwandishi," Harcourt akaendelea. "Juzi amekwenda Iringa na gari lake. Tulimsimamisha Sao Hill, tukampekua mpaka soli za viatu. Hana kitu. Leo kabla ya saa kumi na mbili jioni ndege ndogo itaruka uwanja wa Nduli, na haina ratiba. Kuna mtu anampelekea. Hapa tumefunga uwanja, tunapekua kila gari. Kilichotuponyoka ni basi la Relwe, shirika la reli, peke yake. Limeondoka robo saa iliyopita."

"Tulisimamishe."

"Tukilisimamisha, Holm atapata habari na ataruka mikono mitupu. Namtaka akiwa na utepe mkononi. Mkononi, Kozi. Ukifanikiwa, mwanao anatoka leo hii. Ukishindwa, ni miaka kumi na minne."

"Akisema hakuiba?"

"Litakuwa neno lake dhidi ya neno la Mzungu."

Andendekisye aliijua mizani hiyo. Aliomba dakika tatu za kuonana na mwanawe, akapewa mbili.

Asukile alikuwa amekaa sakafuni, shati lake jeupe la kazi limepata vumbi. Alisimama kwa heshima alipomwona baba yake.

"Utepe una nini?" Andendekisye aliuliza.

"Ule mlio wa mwezi, baba. Wiki tatu nzima, kabla betri zake hazijafa. Hauwezi kurudiwa tena."

"Mlio tu? Kila mwenye redio ya Philips aliusikia."

"Waliusikia. Hawakuupima." Macho ya kijana yaliwaka hata mle ndani. "Baba, ulishasimama barabarani lori likija huku linapiga honi? Likija, sauti iko juu. Likishakupita, sauti inashuka. Lori ni lilelile, honi ni ileile. Na mwezi ulifanya hivyohivyo. Nikapima ulivyoshuka, sekunde kwa sekunde, nikajua umepita wapi na kwa umbali gani. Halafu nikaona kumbe hesabu inageuzika. Ukishajua mwezi uko wapi, mlio wake utakwambia wewe uko wapi. Baharini, jangwani, kwenye ukungu. Popote."

"Meli itajijua ilipo."

"Na ndege."

"Na bomu," Andendekisye alisema.

Asukile alikubali kwa kichwa. "Na bomu."

"Ulimwambia nani?"

"Wakubwa zangu. Wakaniambia nirudi kupima mvua. Bwana Holm peke yake ndiye aliyenisikiliza."

Andendekisye aliona uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu hata yeye hakuwahi kumsikiliza. Miezi saba yule Holm alizunguka Tukuyu na Mbeya na daftari jeusi, akisema anaandika kitabu cha mila za Wanyakyusa. Alikula kwenye nyumba zao. Aliuliza nani humwamkia nani, nani hula na nani. Mzungu mpole, Kiswahili safi.

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Unakaa kwenye msumari, nyumbani."

"Nani anaingia humo?"

"Hakuna mtu. Mimi na mama Tupokigwe tu."

Swali lililofuata hakuliuliza. Kwao mtu hachimbi habari za mke wa mwanawe.

*

Land Rover ya polisi ililipita basi karibu na Igurusi kwa njia ya mashambani, ikamshusha Andendekisye kwenye kona na kutokomea. Basi lilipofika alipunga mkono kama abiria yeyote, kofia ya pama kichwani, kikapu cha ndizi mkononi.

Kondakta alikuwa Anania, mtu mnene mwenye filimbi shingoni. Andendekisye alimwonyesha kitambulisho ndani ya kiganja.

"Wangapi?"

"Wengi, mzee," Anania alinong'ona. "Karatasi ya tiketi imebaki ofisini. Unatafuta nini?"

"Boksi. Dogo, bapa. Chimala kuna kizuizi cha mifugo?"

"Kipo. Wanatafuta ngozi na nyama, kwa ajili ya sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe."

"Leo watatafuta vizuri zaidi."

Alipita katikati ya viti akijifanya anatafuta nafasi. Karani wa kampuni ya chai, mtu wa Mufindi, alikumbatia sanduku jipya. Mhubiri mmoja alikuwa na gramafoni ya kufungua na kufunga. Bibi wa Kihehe alikuwa na matenga mawili ya kuku na mdomo usiopumzika. Andendekisye aliwaandika wote kichwani.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa aliketi mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alipomwona tu, aligeukia dirishani na kuvuta kanga ya kijani mpaka ikamfunika uso wote.

Andendekisye aligeuka papo hapo. Alirudi mbele, akaketi nyuma ya dereva.

Alikuwa Sekela, mke wa Asukile.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Mke hatamki jina la mkwewe. Hawakai chini ya paa moja, na wala hawasemezani. Misheni ilikuwa imelegeza mengi, lakini kwenye ukoo wa Mwakibete hili halikulegea. Miaka mitatu tangu harusi, Andendekisye alijua mgongo wa Sekela na ile kanga. Sura yake hakuijua. Kupanda naye basi moja tu kulikuwa kumemtia joto la aibu shingoni.

Anakimbilia kwa dada yake Iringa, aliwaza. Mume yuko ndani, majirani wanasema. Maskini.

Chimala, Andendekisye aliwaonyesha askari wa mifugo kitambulisho, nao wakateremsha mizigo yote. Sanduku la karani lilitoa mashati sita na picha ya msichana. Gramafoni ilifunguliwa mpaka springi yake. Kuku walihesabiwa, bibi akatukana. Askari mmoja alikwenda kiti cha nyuma, na mtoto akaanza kulia.

"Na huyu, mzee?"

Andendekisye alikuwa akitazama milima.

"Huyo mwacheni," alisema.

Basi likaondoka. Vumbi likaingia kwa madirisha yote. Alikaa na kukagua upya kila uso, kila kikapu, na hakupata kitu. Magoti yalimuuma. Alimfikiria mwanawe akitoka gerezani na mvi.

Saa saba mchana walifika Makambako. Abiria wakashuka kula ugali. Andendekisye aliingia kituo kidogo cha polisi, akazungusha mkono wa simu.

"Kozi hapa."

"Umeupata?"

"Bado."

"Umewapekua wote?"

"Wote."

"Wangapi?"

"Ishirini na wawili."

Karatasi zikakwaruzana upande wa Mbeya.

"Karatasi ya Relwe iko mbele yangu. Tiketi ishirini na tatu, mbali na wewe."

Andendekisye alishusha simu taratibu. Akafumba macho.

Ndipo alipomkumbuka Holm, mwezi wa Julai, kwenye baraza ya nyumba yake, kikombe cha chai gotini, akimwuliza. Mzee, hata nyumba ikiungua? Hata hapo baba mkwe hawezi kumtazama? Na yeye, kwa kujivunia mila za kwao, alicheka na kumjibu kwamba mtu atakimbilia kuzima moto huku kafumba macho. Holm aliandika yote. Yule mtu alikuwa anatafuta mahali pa kuficha utepe, na mwenye nyumba mwenyewe akamwonyesha mahali ambapo kachero bora wa Nyanda za Juu hatafika kamwe.

Na kweli hakufika. Aliona aibu, akatoka nje.

*

Bibi wa kuku aliitwa Severina, mtu wa Kalenga, mjane, na alikuwa akila muhogo kwenye kivuli cha basi.

"Kamwene, mama," Andendekisye alimwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene. Umemaliza kupekua kuku wangu?"

"Nina shida. Upande wa pili wa basi amekaa mke wa mwanangu. Nina maneno naye."

"Si uende."

"Siwezi."

Severina alimtazama juu mpaka chini, akacheka mpaka muhogo ukamtoka. "Nyie Wanyakyusa! Ndizi zimewapanda kichwani. Haya, unataka mimi niwe simu yenu?"

"Ndiyo, mama. Tafadhali."

Sauti yake haikuwa na utani, na Severina akaacha kucheka. Alisogea mpaka mbele ya basi, kwenye boneti, mahali ambapo aliwaona wote wawili. Andendekisye alisimama upande huu ameegemea bodi. Sekela alikuwa upande ule, na kila mmoja aliweza kumsikia mwenzake akivuta pumzi.

"Mwulize kama ana boksi," Andendekisye alisema.

"Anauliza kama una boksi."

Ikaja sauti ndogo. "Mwambie ninalo. Liko kwenye mbeleko, chini ya mtoto."

"Analo," Severina alisema. "Liko chini ya mtoto. Mimi nilidhani mtoto ana kibyongo."

"Mwulize nani kampa."

"Mwambie nilichukua mwenyewe. Bwana Holm alisema polisi watakuja kumkamata baba Tupokigwe kwa sababu ya utepe huo. Alisema usipoonekana, hawana kesi. Nimpelekee Nduli, yeye ataupeleka Ulaya kwa wataalamu wenzake, waandike jina la mume wangu. Nikatoa ufunguo kwenye msumari jana jioni, mume wangu akiwa anaoga, nikaenda kufungua kabati kituoni."

Severina hakurudia. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Lililofuata Andendekisye hakutaka kulisema.

"Mwambie polisi hawakuwa na kesi yoyote. Mumewe amekamatwa leo alfajiri kwa sababu kabati lilikutwa tupu."

"Binti yangu," Severina alianza kwa upole, "anasema..."

"Nimesikia."

Upande ule wa basi ulisikika mtu akishuka taratibu mpaka chini, mgongo ukikwaruza bati. Sekela alilia bila sauti. Mtoto ndiye aliyemsaidia kulia kwa nguvu. Andendekisye alitaka kuzunguka lile basi. Miguu ilikataa, na aliichukia miguu yake.

"Mwambie hakukosa yeye," alisema. "Aliyetuuza ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha yule mtu."

"Anasema kosa ni lake yeye. Na mimi naona hivyohivyo," Severina aliongeza la kwake.

"Mwambie kuna njia moja ya kumtoa mumewe. Holm akamatwe na utepe mkononi. Maana yake aende Nduli, ampe, kama walivyopatana. Sina haki ya kumwomba hivyo. Akikataa nitaelewa."

Kuku alitoa kichwa kwenye tenga, akarudisha.

"Mwambie baba nitaenda," Sekela alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Lakini kuna neno. Mimi naogopa. Nikiwa pale peke yangu na yule Mzungu, baba asigeuze uso. Aniangalie. Mpaka mwisho."

Severina alimtazama Andendekisye. Safari hii pia hakurudia.

"Mwambie nitamwangalia," Andendekisye alisema.

*

Nduli. Saa kumi na moja na nusu.

Jua lilikuwa limeinama, na nyasi za uwanja zilikuwa za rangi ya simba. Cessna 180 ilisimama mwisho wa njia ya kurukia, pua kaskazini. Andendekisye alilala kifudifudi kwenye mtaro, hatua mia moja kutoka pale, darubini ya Zeiss machoni. Kando yake alikuwa Sajini Kalinga wa Iringa, na Land Rover imefichwa nyuma ya ghala la mafuta. Lori la Bedford lenye askari sita lilisubiri njia panda. Mtoto alikuwa na Severina kwa ndugu zake, Mlandege, mjini Iringa.

"Kozi, Kozi, hapa Ngome." Redio ya mkononi ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Harcourt, ikitoka Mbeya kwa kupitia redio ya polisi Iringa. "Hali?"

"Anakuja kwa miguu. Msiguse kitu."

Kisha alifanya alichoahidi. Akaelekeza darubini kwenye kanga ya kijani, akapandisha mpaka usoni.

Alikuwa msichana tu. Hilo ndilo lililomchoma. Miaka mitatu alikuwa na mtu mzima kichwani mwake, mwanamke wa heshima aliyefunikwa, na kumbe ni binti wa miaka ishirini na moja hivi mwenye kovu dogo juu ya nyusi na midomo iliyokauka kwa hofu. Andendekisye alihisi amemvua nguo mbele za watu. Hakushusha darubini.

Holm alitoka chini ya bawa. Mrefu, suti ya kaki, tabasamu. Akapokea boksi kwa mikono miwili, kwa adabu zote za Kinyakyusa alizojifunza. Akachomoa utepe, akaupachika kwenye kinasa sauti kidogo cha betri, akavaa visikilizio.

Alisikiliza kama dakika moja hivi. Akatabasamu.

"Mkononi," Andendekisye alisema. "Twende."

Lakini Holm hakuwa mtu wa kuacha shahidi nyuma. Rubani aliwasha injini. Holm alimshika Sekela mkono, akamvuta mlangoni. Sekela alipiga kelele. Ndege ikaanza kusogea mlango ukiwa wazi.

Andendekisye alikimbia.

Alikimbia vibaya, goti la kulia likilegea kila hatua, kofia ikadondoka. Hatua themanini. Sitini. Kalinga alimpita kwa Land Rover akienda kuziba njia. Andendekisye alisimama, akapiga goti, akaishika Webley kwa mikono miwili.

Risasi ya kwanza ilipiga ardhi.

Ya pili ilipasua gurudumu la kushoto.

Cessna ilijizungusha, bawa likafagia nyasi, pangaboi likachimba udongo na kusimama kwa kishindo. Rubani aliruka nje na mikono juu, hata kabla hajaambiwa. Holm alitoka upande wa pili. Mkono mmoja ulikuwa shingoni kwa Sekela. Mwingine ulikuwa na bastola ya Walther, na mdomo wa Walther ulikuwa sikioni kwake.

Andendekisye alisogea mpaka hatua kumi na tano, askari wa Bedford wakifika mbio nyuma yake. Upepo. Harufu ya petroli.

"Mzee Mwakibete," Holm alisema, Kiswahili safi kama siku zote. "Shikamoo. Geuza uso tafadhali. Huyu ni mkweo."

"Namjua."

"Basi unajua huruhusiwi. Ulinieleza mwenyewe. Hata nyumba ikiungua." Alianza kurudi nyuma kuelekea Land Rover, akimkokota Sekela. "Mwambie sajini ashuke, aache ufunguo. Na wewe tazama chini, uondoke na heshima yako. Mbele ya askari wote hawa, mzee? Watakuimba mpaka Tukuyu."

Andendekisye alikuwa amechoka sana. Alichoshwa na watu wanaojua kila kitu cha mtu isipokuwa mtu mwenyewe.

Alimtazama Sekela machoni. Sekela naye hakukwepa.

Kisha akashusha macho mpaka chini, kwenye miguu ya binti. Akayapandisha. Akayashusha tena.

Holm aliona mzee anaona haya. Alijua maana ya macho yaliyoshuka, alikuwa nayo kwenye daftari. Bega lake likalegea kidogo, na mdomo wa Walther ukatoka sikioni.

Sekela alikuwa ameishi miaka mitatu akisoma alama za mtu asiyemtazama. Nyayo zake uani, kikohozi chake mlangoni, fimbo yake ikigonga jiwe. Alielewa. Aliinua miguu yote miwili juu kwa mpigo, akawa mzigo, akadondoka.

Webley ililia.

Holm alikaa chini, kama aliyesahau kitu. Bega la kulia lilikuwa jekundu, na Walther ilikuwa nyasini. Kalinga aliipiga teke.

"Pingu," Andendekisye alisema.

Aliokota boksi. Juu yake, kwa wino wa buluu na mwandiko wa shule, iliandikwa: A. Mwakibete, Mbeya, Oktoba 1957. Andendekisye alilipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake.

Bedford ilisogea, ikambeba Holm na rubani wake kwenda hospitali na lokapu. Redio ikakoroma.

"Kozi, hapa Ngome. Sema."

"Nyota imerudi kabatini. Ilikuwa mkononi kwake. Mashahidi wanane."

Harcourt alicheka kwa mbali. "Kazi safi. Mwanao anafunguliwa sasa hivi."

"Nataka kumsikia."

Ilichukua muda. Simu ya lokapu ya Mbeya ilibandikwa kwenye redio, sauti ikawa inakwenda na kurudi. "Baba?" Asukile alisema. "Baba, nimetoka." Andendekisye alibonyeza kitufe bila neno, akakiachia.

"Utepe uende Nairobi kesho," Harcourt aliendelea. "Wakubwa wanausubiri."

"Jina la mwanangu liko juu ya boksi. Asilifute mtu."

"Tutaona."

"Wewe utaona, bwana. Mimi nimeandika namba ya utepe na jina, na sajini ametia sahihi."

"Sawa, sawa. Pumzika leo. Jumamosi kuna mkutano Tukuyu, wale watu wako wa kahawa. Nakutegemea."

Andendekisye aliutazama uwanja. Alifikiria mikutano ile yote, nyuso zile, na kalamu yake chini ya meza.

"Kozi amekwenda nyumbani," alisema. "Hatarudi. Kata."

Akazima redio, akamkabidhi Kalinga pamoja na Webley na kitambulisho. Sajini aliduwaa navyo mkononi. Kisha alifungua mlango wa Land Rover.

"Panda, mzee. Nimemweka shemeji pale mbele. Nyuma kuna nafasi."

Sekela alikuwa amekwisha kuketi. Kanga ilikuwa imerudi usoni.

"Gari lina mwenyewe," Andendekisye alisema. "Mimi nitatembea."

"Mzee, ni maili nane! Na hilo goti!"

Andendekisye aliokota kofia yake, akaipiga gotini, akaivaa. Akashika barabara ya Iringa taratibu, mikono mifukoni, bila kugeuka.

Kalinga alipanda, akatia gia, akakamata mwendo. Alipomkaribia mzee alisogea pembeni ili ampite.

"Usimpite," Sekela alisema ndani ya kanga.

"Nini?"

"Yule ni baba mkwe wangu. Siwezi kumpita barabarani."

"Dada, giza linaingia. Mtoto wako anasubiri. Kwa mwendo huu tutafika saa tatu!"

"Basi tutafika saa tatu."

Kalinga alimtazama yule mzee anayechechemea mbele yake, akamtazama binti. Akarudisha gia namba moja. Land Rover ya polisi wa Malkia ikaenda nyuma ya Andendekisye Mwakibete kwa mwendo wa mguu, taa zimewashwa zimwonyeshe njia, mpaka Mlandege.